Chumvi Uliyokuwa Unanunua

Mama,

Huku Kitale mvua imerudi, na Baba Nekesa bado anakamua ng'ombe za wenyewe kule Endebess. Nekesa anatembea sasa. Anafukuza kuku mpaka chini ya kitanda. Nakuambia kwa sababu ulimwacha akitambaa, na hata huko kutambaa nilidhani hukukuona.

Ulipookoka, Mama, uliacha sukari. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Wenzako waliacha pombe ya busaa, na wengine hata hawakuwa wanakunywa. Wewe ukasema, "Mungu hapewi kitu kimekuchosha. Mpe kile unapenda." Na sukari uliipenda, mpaka baba alikuwa anakutania ati kwenu wangekubali mahari ya miwa. Ukaiacha siku moja tu. Sisi ulitutilia kwa vikombe, chai yako ukanywa tupu, huku unaimba. Nilijivunia wewe sana.

Halafu ikafika zamu yangu.

Nilipoenda kukaa na Baba Nekesa kabla ya harusi ya kanisa, ulisema hutakanyaga kwetu. Ng'ombe baba alikuwa ameshapokea. Ilibaki pete, na wewe ni mwenyekiti wa akina mama, utasimamaje mbele yao. Sawa. Tukasema tutafunga ndoa tukivuna. Nikajifungua. Ukatuma unga wa wimbi na ndizi, akaleta senge, dada ya baba, na maneno yako: "Mwambie nampenda, lakini nimejikana."

Mama, kujikana ni wewe na nafsi yako. Ulijikana, halafu ukatukana. Lisome vile unataka hilo neno, kwangu ni kitu kimoja.

Presha yako haikungoja tuvune.

Kwa mazishi walikusifu, ati umeishinda dunia. Nekesa alikuwa mgongoni kwangu. Nilimwekea udongo kwa kiganja akutupie. Hicho ndicho kitu cha kwanza mtoto wangu alikupatia, na hukunyoosha mkono.

Watu walipoenda niliingia jikoni kwako kuosha vyombo. Nikapata pakiti za chumvi, zimepangwa kwa ukuta kama matofali. Nikamwuliza senge kama ulitaka kufungua duka. Akacheka, kisha akajifunika uso na leso.

"Hiyo si chumvi," akasema. "Hiyo ni mtoto wako."

Ati ukileta ndizi soko ya Kitale, ulikuwa unapitia lile duka linaloangalia mlango wetu. Mtu hawezi kusimama dukani bure, kwa hivyo unanunua chumvi. Ati mwenye duka alikuwa anakuuliza, "Mama Chumvi, kwani ng'ombe zako za kulamba chumvi ni ngapi?" Unacheka naye, unamwangalia Nekesa akitambaa pale mlangoni, unaenda zako.

Nilikuwa ndani, Mama. Nilikuwa ndani nafua. Si ungeita tu.

Tangu siku hiyo nimekukasirikia. Nakanda unga nikiwa nimekasirika, nanyonyesha nikiwa nimekasirika. Kanisani wakisema tujinyime tamaa za dunia, nawaangalia tu. Kwani mjukuu ni tamaa ya dunia? Mtoto mwenye mafua, anataka kubebwa?

Lakini nataka nikuambie ukweli. Hasira hii ni tamu. Nikiamka nailamba kwanza kabla ya chai. Juzi nikasikia sauti yako kabisa: Mungu hapewi kitu kimekuchosha. Na hii haijanichosha, Mama. Ndiyo kitu napenda zaidi sasa, na mtoto ananiangalia uso nikiwa nayo.

Kwa hivyo nimeanza kuiacha. Wewe uliacha yako siku moja, mimi sina nguvu hiyo. Naacha leo, kesho narudia. Mungu ananiona.

Tukivuna tutafunga ndoa. Si ya kuonyesha akina mama, ni ya kwetu. Na hii nakuahidi: Nekesa akikua, akienda kwa mwanaume bila pete, nitaenda kwake. Nitaingia nimenuna, nitagomba mpaka majirani wasikie, lakini nitakaa chini nishike mtoto.

Chumvi yako bado tunapikia. Nikitia kwa sufuria Nekesa anasema, "Ya kukhu." Nimemwambia kukhu ni nyanya yake, alikuwa anapenda kumwangalia.

Pumzika, Mama. Ule mlango haukuwa umefungwa.

Mtoto wako,
Mama Nekesa