Wateja Hewa wa Masumbwe

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mwezi mzima nimeifundisha kompyuta maana ya maneno. Mteja ni mtu. Mtu ana simu yake na tarehe yake ya kuzaliwa. Wawili wakilingana simu na tarehe, basi ni mmoja kaandikwa mara mbili. Leo modeli imekagua mikopo yote ya kampuni. Masumbwe yote nyekundu! Wachimbaji kumi na mmoja, simu moja, wote wamezaliwa Julai mosi. Meneja Fredy kasema hao ni wateja hewa, kamsimamisha kazi dada Sesilia, afisa mikopo anayewahudumia kutoka ofisi yetu hapa. Hakumsikiliza hata kidogo. Ijumaa ripoti inakwenda kwa mdhibiti na jina lake limo. Nilikuwa najivunia kazi yangu, hadi nilipomwona anafungasha vikombe vyake.

Jumanne, 10 Juni

Sesilia kapiga simu. Hakulia wala hakugomba, kauliza tu kama nimewahi kufika Masumbwe. Sijawahi. Nakaa hapa Nyahanga na laptop, eti nawajua watu.

Jumatano, 11 Juni

Nimemdanganya Fredy naumwa tumbo, nimeenda. Wapo! Wote, vumbi hadi kope, wananicheka. Simu ni ya Sabiti, msimamizi wa duara lao, yaani shimo lao la kuchimbia. Anayeshuka shimoni hashuki na simu, ikidondoka ndiyo imekwenda, kwa hiyo wote huandikisha ya Sabiti anayekaa juu. Na tarehe? Nikamwamkia mzee mmoja, akaitikia marahaba, akasema kazaliwa mwaka wa mvua nyingi, niandike ninavyotaka. Sesilia naye kaandika Julai mosi kwa kila asiyejua, kama wanavyofanya maafisa wengi. Nikamuuliza Sabiti nitamjuaje mchimbaji wa kweli. Kanishangaa. Si umuulize yuko duara gani?

Alhamisi, 12 Juni

Nimebadilisha modeli. Simu inaweza kuwa ya duara. Kila mchimbaji lazima awe na duara, na duara liwe na msimamizi anayemtambua. Nimeshinda kwenye simu na wasimamizi, sauti imekauka. Masumbwe imepita. Nimemwandikia Sesilia avumilie kidogo.

Ijumaa, 13 Juni

Nimewahi ofisini, nimekagua tena. Kundi moja halijapita — wachimbaji wa Runzewe. Jumatatu lilikuwa safi kuliko yote, kila mtu na simu yake, kila mtu na tarehe yake. Leo hakuna hata mmoja mwenye duara. Wasimamizi wa kule hawawajui. Aliyewaandikisha ni Fredy, kabla hajawa meneja.

Nimepiga zile namba. Ya kwanza haipatikani. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu imeita, na nimeisikia ikiita chumba cha pili, kwa Fredy. Kapokea, kasema haloo. Nimekata.

Sasa simu yangu inaita hapa mezani. Namba ni ile ile. Naisukuma chini ya mafaili, lakini ukuta huu ni wa mbao tu. Nasikia kiti chake kinasogea.