Ndoo ya Bluu Bandani kwa Nguruwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla hasira hazijanipasua. Mimi ni mjane, nafuga nguruwe kumi na mmoja huku Mbagala, na pumba zilivyopanda bei nikafundishwa kuvundika maganda ya mihogo, unayakatakata, unayaanika yanyauke, unayashindilia kwenye pipa na molasesi kidogo, unafunika hewa isiingie, wiki tatu baadaye yamechachuka vizuri na nguruwe wanayagombania. Maganda nilikuwa napewa bure na Bi Thuraya anayekaanga mihogo pale Mtoni, aliyenishika mkono tangu msiba wa mume wangu, nikamwambia ni ya ng'ombe maana ningesema nguruwe angeninyima, akawa ananijazia ndoo yake ya bluu anayolowekea mihogo, nami sikuirudisha tupu hata siku moja, natia mchicha wa bustanini, yeye anacheka, "We Sesilia, hao ng'ombe wako mbona hata maziwa sijaonja?" Wiki iliyopita nikaugua, akapanda bodaboda kuniletea uji, akakuta ndoo yake imo bandani, ndiyo ninayowamwagia nguruwe chakula. Akaweka bakuli chini, akaondoka bila kuaga. Sasa amewaambia wakaanga mihogo wote wa Mtoni, sipati hata ganda moja, nimebakiwa na pipa moja na jike langu linakaribia kuzaa! Maganda ni takataka, mshauri, angeyatupa, na ndoo niliisuuza kila mara. Je, nimshitaki kwa mwenyekiti wa mtaa?

Sesilia, Mbagala

Sesilia, pole kwa ugonjwa na pole kwa kufiwa. Pole zangu zinaishia hapo.

Kwa mwenyekiti utakwenda kusema nini? Kwamba ulimdanganya mama wa Kiislamu, ukalishia nguruwe kwa ndoo yake, ukaisuuza, ukamrudishia na mchicha ndani? Mchicha! Ndoo hiyo analowekea mihogo wanayokula watu wanaofunga na kuswali. Leo anawaambia nini wateja wake? Kufuga nguruwe si kosa, na kuvundika maganda ni akili nzuri kabisa. Ila ulijua angekataa, ndiyo maana ukadanganya. Kukataa ilikuwa haki yake, ukamnyang'anya, halafu unanuna wewe!

Nguruwe hawana hatia, kwa hiyo tafuta maganda ya ndizi sokoni, au machicha kwa wapika pombe. Nenda na magunia yako, na useme siku ya kwanza kwamba ni ya nguruwe.

Kisha nenda Mtoni mwenyewe, usitume mtu. Nunua ndoo mpya na bakuli jipya, maana najua uji uliunywa. Usimfundishe namna ya kutwaharisha vyombo vyake, anajua kuliko wewe. Maganda usiyataje, siku hiyo wala baadaye. Akikufukuza, rudi wiki inayofuata.

Mchicha uache nyumbani. Ukifika, kabla hajafungua mdomo, anzia hapa: "Shikamoo Bi Thuraya. Mie sina ng'ombe."