Nimefutwa Kazi na Niliyemfundisha

Ijumaa. Nakuru imeamka na vumbi, upepo haujatulia tangu asubuhi, na mimi nimerudi nyumbani mchana bila kazi. Naandika nikiwa na hasira. Nikingoja zipoe nitaanza kusema uongo.

Nimefutwa kazi na mwanagenzi. Bosi hakutaka kujichafua mikono, akamtuma Mercy, msichana aliyekuja kwetu kwa attachment mwaka jana nikakabidhiwa nimfunze. Mimi mjinga nilidhani nimeheshimiwa.

Ofisi yetu ni ya wakala wa bima, ndogo, nyuma ya soko, na wateja wengi ni wakulima wa Molo na Kuresoi. Mercy alifika hajui hata kupokea simu, ananong'ona kama mtu anayeungama dhambi. Nilimfundisha kwamba mkulima haulizwi nambari ya kitambulisho kabla hajaulizwa viazi vinaendeleaje. Nilimfundisha kuandika barua ambayo makao makuu hawairudishi. Halafu nikamfundisha kazi ngumu kuliko zote pale, kumwambia mtu ambaye mahindi yake yameharibika kwamba hatalipwa fidia.

Hiyo ina utaratibu wake, na utaratibu ni wangu. Humwambii mtu dirishani wenzake wakisikia. Unamketisha chumba cha ndani, unamwagizia chai, unahamia upande wake wa meza. Unamwambia kabla chai haijafika nusu. Na "pole" ni moja tu, kwa sababu ya pili inamfanya adhani kuna nafasi ya kubembeleza.

Leo saa nne Mercy aliniita chumba cha ndani. Chai ilikuwa mezani. Akahamia upande wangu.

Nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Madam, bosi amesema from Monday hiyo desk yako itakuwa yangu. Leo ndio siku yako ya mwisho. Pole."

Nikangoja pole ya pili, haikuja. Hasira zilinipanda, na bado nikampa alama zote.

Bosi alikuwa ofisini kwake, mlango wazi, anakula ndizi. Sikuingia kumwomba, namjua. Juzi tu alisimama kanisani mbele ya vijana akaeleza jinsi uanagenzi unavyomfaa kila mtu. Mwajiri anapata mfanyakazi aliyemlea mwenyewe, kijana anapata ujuzi ambao chuo hakiwezi kumpa, hakuna anayepoteza. Nilipiga makofi kuliko wote. Na hakudanganya. Yeye amepata mtu wa bei rahisi anayefanya kazi yangu yote, Mercy amepata kazi. Aliyemfunza Mercy hakutajwa kwenye hotuba, basi.

Mercy alinibebea sweta na kikombe changu hadi kwenye ngazi. Furaha ilimjaa usoni na hakujua kuificha. Kwao Kuresoi hakuna mwingine aliyewahi kupata kazi ya ofisi, na mamake alikuwa ashapigiwa simu. Nilimchukia hapo, tena sana. Halafu akashindwa kujizuia.

"Madam, si hata kuna msichana mwingine wa attachment anakuja Monday! Bosi amesema mimi ndio nitamfunza."

Alitabasamu akingoja nimpongeze. Hakuona chochote. Alidhani amepandishwa cheo.

Ningemwambia pale pale. Ningemwambia amfiche huyo mgeni nusu ya kazi, amcheleweshe, asimwachie wateja wake, kwa sababu siku mgeni akiiva, Mercy ndiye atakayeitwa chumba cha ndani. Ingechukua dakika moja. Maneno yalikuwa yameshafika kooni.

Nikamtengenezea kola ya blauzi, kama mama.

"Mfunze vizuri," nikamwambia. "Usimfiche kitu. Afadhali aijue kazi kukushinda."

Alinishukuru. Akanikumbatia, tena kwa nguvu, akasema hatanisahau.

Nimekaa hapa tangu nifike, chai yangu mwenyewe mkononi, najaribu kumhurumia. Labda kesho nitaona aibu. Leo bado.