Nyumba Ndogo Yako ya Walthamstow

Baba Zuhura,

Eda imekwisha. Safari yangu ya kwanza haikuwa sokoni wala kwa dada. Nilikwenda Walthamstow kumwona mke mwenzangu.

Usijifanye hujui. Ile nyumba ya kale yenye duka chini na makazi juu, uliyokuwa ukienda kuikarabati hata Jumapili. Nilipoipa jina, nyumba ndogo, ulicheka mpaka ukapaliwa na chai. Binti yako akanambia, "Mum, ni nyumba tu!" Mtoto wa London, atajulia wapi maana ya nyumba ndogo.

Basi nimemwona, na ni mzuri, nikudanganye nini. Ghorofa tatu za matofali, madirisha yanapungua kimo kadiri yanavyopanda. Chini, dirisha la duka limebenuka mbele, vioo vidogo vidogo, na nguzo bapa za mbao huku na huku. Juu ya mlango wa pembeni, kioo cha nusu mwezi. Nikazipapasa nguzo ulizozichonga upya pale zilipokuwa zimeoza. Laini! Wivu ukanipanda. Kwangu mimi mlango wa jikoni umevimba tangu tuhamie Hounslow, haufungi, na kila nikikwambia jibu lilikuwa lile lile: "Kesho, mke wangu." Kwake yeye hukuwa na kesho. Ulikwenda leo.

Mama Nalini, yule Mhindi wa Kisumu mwenye duka, akanikaribisha ndani. Kumbe pale dirishani kuna mwanamume amepiga magoti, anapiga msasa fremu, taratibu, kama wewe.

"Huyo ni fundi mpya, mama. Ako sawa, lakini hamfikii mzee wako."

Fundi mpya! Nusura nimpokonye ule msasa. Nilikwenda na wivu wangu, nikarudi na wako. Mimi nimekaa eda ndani, sijachungulia nje. Yeye rangi yako haijakauka vizuri, keshapata mwingine. Si nilikwambia? Ndizo nyumba ndogo hizo.

Mume wangu, lala. Mungu akufungulie kila mlango huko. Wangu wa jikoni bado haufungi, na baridi inaingia. Zuhura anataka kuita fundi, nimemkatalia. Nakuahidi, hautaguswa na mkono wa mwanamume mwingine maadamu niko hai. Nauegemeza kiti, nalia kidogo, napika.

Ulisema kesho. Haya, tutaonana hiyo kesho, kwa Mungu. Na uje na randa.

Ni mimi,
Nyumba kubwa