Kidole cha Jackton

Kapkatet,
Jumapili, baada ya kanisa.

Mama mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Goti lako linaendeleaje tangu mvua ianze? Sisi tu wazima, watoto wanasoma, na majani chai yamekuwa mengi mpaka Jackton anarudi kutoka kiwandani akinukia kama birika. Sikupiga simu kwa sababu simu ya nyumba hii ni moja na mwanao anasikia kila neno. Barua hii uisome ukiwa peke yako.

Mama, unajua vile Jackton huchukia mambo ya hospitali. Tangu tumzike baba yake, Mzee Hezekiah, na kile kidonda cha mguu kilichokataa kupona, nimekuwa nikimsihi apimwe sukari. Hunijibu kwamba mtu mwenye akili haendi kujitafutia ugonjwa. Mwaka huu akaanza kukonda, na kila saa ni maji, maji. Roho yangu haikutulia.

Basi mwezi wa tatu nilimwambia kwamba mimi ndiye ninayetaka kupimwa, ila naogopa sindano. Alinicheka sana, kisha akanisindikiza hadi duka la dawa la Chepkemoi hapa sokoni, na ili kunionyesha kwamba sindano si kitu, akatoa kidole chake kwanza. Chepkemoi alimuuliza kama amekula. Mwanao akaapa kwamba hajatia kitu mdomoni tangu jana. Mashine ikasoma kumi na nne, na kwa mtu ambaye hajala haifai kufika hata saba. Hapo nikakumbuka nikasema kwamba alikunywa chai, kikombe kile kikubwa, sukari vijiko vinne. Jackton akauliza kwa mshangao tangu lini chai ikawa chakula, na foleni nzima ikamuunga mkono! Huku kwetu chai haihesabiwi, Mama. Ni kama kunawa uso.

Nilifurahi, nikajua ni ile chai tu. Kesho yake tulirudi bila kunywa chochote ila maji, na mashine ikasoma kumi na mbili. Hakuna aliyecheka. Chepkemoi alitutuma hospitali, na daktari akasema sukari ipo kweli, lakini imepatikana mapema, macho na miguu bado ni mizuri. Dawa anameza. Kupimwa kila mwezi, anasema anaenda kwa ajili yangu tu, maskini mke wake. Hutoa kidole chake kwanza, na kwa mkono ule mwingine ananishika, akiniambia nitazame kando.

Sasa nikuungamie, Mama. Mimi siogopi sindano hata kidogo. Nimezaa watoto wanne, sindano ni nini? Nilimdanganya mwanao, na kila mwezi namdanganya tena. Lakini machozi anayoyaona tukipimwa si ya uongo. Naogopa ile namba kabla haijatokea. Nampenda Jackton, na sitaki kumzika vile ulivyomzika Mzee.

Atakuja huko mwisho wa mwezi. Chai mpe, ila sukari ifiche, hata akinung'unika. Tena atakusimulia kwamba alioa mwoga, aonyeshe na vile ninavyofumba macho. Nakuomba, Mama, ucheke naye. Uniache niwe mwoga hivyo hivyo mpaka tuzeeke.

Nisalimie Monicah na majirani wote. Mungu akutunze.

Mimi mke wa mwanao,
Jerusa