Mwantumu Analala Tukiongea

Misima, Jumapili, 3 Agosti. Asubuhi baridi, manyunyu mepesi mpaka saa tatu, kisha jua.

Dada yangu,

Najua ungecheka kuona nimeanza na hali ya hewa. Uliniita karani wa mvua, ukasema daftari langu haliwezi hata kuchemsha maji. Basi daftari hilo hilo ndilo lililomlaza mwanao.

Siku zote za matanga yako Mwantumu alilala vizuri. Nyumba ilijaa, wanawake wamejilaza mikekani mpaka barazani, wanaongea, wanakohoa, naye yuko katikati yao mdomo wazi. Tulipoanua matanga watu wakarudi makwao, na usingizi wake ukaondoka nao.

Nikafanya nilichodhani ni sahihi. Mtoto kafiwa, apate utulivu. Saa moja na nusu namlaza, redio nazima, Mama namkataza hata kutwanga. Mtu akipiga hodi namtokea nje nimeweka kidole mdomoni. Asubuhi naandika: kalala saa sita. Kalala saa nane. Hajalala. Akawa anasinzia chekechea, kikombe cha uji mkononi. Shangazi yake wa Korogwe akatuma ujumbe kwamba kama tumeshindwa, tumpeleke kwake. Dada, wewe ulinishika mkono ukaniachia mimi mtoto huyu. Siku ile nililia, sikufichi.

Ndipo nikarudi nyuma kwenye daftari, ukurasa kwa ukurasa. Zile siku za matanga: saa mbili, saa mbili, saa mbili na robo. Nikamwuliza mwenyewe, maana nani mwingine angejua? Akanijibu bila kuniangalia, anachokonoa mkeka.

"Mama mdogo, mkinyamaza sijui kama mpo."

Nikakumbuka chumba chenu kule kambini Ngombezi. Ukuta ule mwembamba, redio ya jirani, wewe unaosha vyombo huku unasimulia vituko vya kiwanda cha mkonge. Mwanao hakuwahi kulala penye kimya. Kimya alikijua siku moja tu, ile uliyotutoka. Nami nikawa nampa kila siku.

Sasa kila jioni mimi na Mama tunapukuchua mahindi mlangoni mwa chumba chake. Punje zinaangukia kwenye beseni la bati, Mama ananisema kwa Kizigua kwamba napukuchua kama mtu wa ofisini. Mwantumu anacheka huko ndani. Baadaye hacheki tena. Sisi tunaendelea kuongea hivyo hivyo.

Juzi aliamka mwenyewe, akavaa viatu, akanisubiri mlangoni. Mwalimu anasema kahesabu mpaka hamsini bila kusaidiwa. Shangazi nimemjibu: mtoto anabaki. Najivunia huyu mtoto, Dada. Ana miaka mitano, na alichokikosa alikijua akakisema, wakati mimi na kidato cha nne changu nilikuwa nazima redio. Kusema bila kuzunguka kakurithi wewe.

Nakuaga hapa, mahindi yananisubiri. Nakuahidi: mpaka siku atakayotuomba mwenyewe tunyamaze, nyumba hii itaongea. Wewe pumzika, dada yangu. Mwanao yuko kwangu.

Jioni. Mama bado anaongea. Mwantumu amelala saa mbili na dakika kumi.