Nyumba Tuliyomjengea Bibi

Mpendwa mdogo wangu Tekla,

Salamu tumeshapeana mno kwenye simu, na ndizo zinazotumalizia muda. Ukipiga, Bibi yuko pembeni anataka kusikia sauti yako, Mjomba yuko barazani katega sikio, nami najibu kwamba huku sote wazima. Ninayotaka kukwambia hayasemeki mbele yao. Nimeona heri niyaandike hadharani, hata wao wakija kusomewa, kuliko kuendelea kukudanganya. Nyumba tuliyomjengea Bibi imenifunga, na sijui nitatokaje.

Unaukumbuka ule msafara? Kundi zima la baiskeli kutoka Dar, wewe mbele ukijifanya injini, mimi nyuma nikihema. Pale Mikese tulilala chali kando ya barabara, madereva wa malori wakatuuliza kama tumekosa nauli. Ukawajibu, "Nauli tunayo, kaka. Tumekosa akili." Tulipoiacha Morogoro na kupita Mkuyuni, njia ikatutia adabu, tukawa tunazisukuma baiskeli badala ya kuzipanda. Njia nzima uliwahubiria wenzetu habari za Bibi yetu wa Matombo, ambaye kibanda chake cha udongo kililala chini wakati wa masika. Nilijivunia sana kuwa dada yako.

Kisha kazi. Tulibeba matofali kichwani kutoka kwenye tanuri, mchanga tukautoa mtoni. Wewe ukaomba upewe ukuta wako mwenyewe. Fundi alipoupima kwa timazi, akautazama ukuta, akakutazama wewe, akausukuma kwa kiganja ukaanguka. "Dada, huu ulikuwa umelewa," akasema. Ulicheka mpaka ukakaa kwenye saruji mbichi. Sijawahi kuwa na furaha kama ya siku zile, na nasema hivyo nikijua zilinifikisha wapi.

Siku ya mwisho mabati yalikuwa juu, milango bado, mvua ikatukuta. Ulikuwa unatetemeka. "Dada, washa moto basi, tunywe hata chai." Nikapanga mafiga mle ndani, nikawasha. Mjomba akatokea na mwavuli wake, akasimama mlangoni akiutazama ule moshi. Sisi tumekulia mjini, na Mama alikufa kabla ya kutufundisha: katika ukoo wetu moto wa kwanza wa nyumba mpya huwashwa na binti atakayekaa humo kuitunza. Mjomba alikusudia kutuuliza jioni, mbele ya wazee, ni nani kati yetu. Sasa hapakuwa na haja.

"Basi," akasema. "Mwenye nyumba amejulikana."

Wanawake wakapiga vigelegele. Hata mimi nilicheka, nikaendelea kukoroga chai.

Sikulaumu kwa hiyo chai. Asubuhi mliondoka, mimi nikabaki kidogo tu, mpaka Bibi azoee. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nami jembe langu nililipata. Kila nilipofunga mizigo, Mjomba alinikalisha na kunieleza kwa upole. Huku kwetu ardhi inafuata mama. Nyumba isiyo na binti hufungwa, shamba linakwenda upande wa pili wa ukoo, na Bibi atahamishiwa kwenye chumba cha uani kwa watu. Mjomba si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningeshaondoka zamani.

Na Bibi sasa haoni ila vivuli. Hutoka chumbani akiupapasa ukuta mpaka jikoni, huku akiwaombea heri walioupiga plasta. Mtu kama huyo utamwambiaje kwamba unataka kwenda?

Nimeolewa na dereva, hilo unalijua. Anapakia kabichi Mgeta, anazishusha Dar, na hurudi akirudi. Huwa namwomba anisimulie Chalinze ilivyo siku hizi, anadhani namtania. Baiskeli yangu inabeba ndizi za Mjomba kwenda gulioni. Masika njia ikikatika, nasimama mlangoni, mawingu yameifunika milima kote, natafuta pa kukaa. Mjomba hupenda kusema mwacha asili ni mtumwa. Mimi asili sijaiacha hata siku moja, lakini uhuru wenyewe sijauona.

Yote hayo ningeyameza. Ila yupo Noela, mwanangu. Alipozaliwa, Mjomba alikuja na kuku, akauliza jambo moja tu, kama ni wa kike. Alipojibiwa akasema, "Afadhali. Nyumba imepata mtu." Mtoto hata jina alikuwa hajapewa. Sasa anakaribia kuanza shule. Juzi Mjomba alimshika mkono akamzungusha shambani, akimwonyesha mipaka: mwisho wetu mfereji ule, mwisho wetu minazi ile. Noela akairudia yote bila kukosea. Mjomba alifurahi kweli. Mimi nilikuwa napepeta mchele, nikaogopa kama sijawahi kuogopa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usije kunichukua mimi. Nitakaa na Bibi maadamu yuko hai, pengine hata baada yake. Nampenda, na sitaki afie kwa watu. Njoo umchukue Noela asomee kwako. Mjomba atakasirika, na akisomewa barua hii ajue kwamba shauri ni langu, anikasirikie mimi. Noela akikua akataka kurudi, arudi kwa miguu yake, awe amechagua.

Ndiye peke yake anayenichekesha humu ndani. Siku utakayofika huenda nikakwambia nimebadili mawazo, kwamba bado mdogo, tungoje mwaka mmoja. Usinisikilize. Mchukue, muondoke.

Nakubusu, na Mungu akutunze huko uliko.

Ni mimi dada yako,
Adela